Mpishi Aliyekimbilia Kitulo

Watu wa Njombe walimjua Anania mpishi kwa mambo mawili: maandazi yake na uvivu wake wa kutembea. Maandazi hayakuwa na mshindani, tangu bomani hadi misheni. Miguu yake, loo, ilikuwa ya kupandia lori tu. Jumapili ikiamka na umande mwingi hakwenda kanisani, alibaki nyumbani akidai kwamba Mungu yuko kila mahali, hata jikoni.

Kwa hiyo mwezi ule wa Februari, bwana wake alipomwita barazani ashauriane naye juu ya safari, hata mtunza bustani alilijua jibu kabla ya swali. Bwana mwenyewe alikuwa Mwingereza mwembamba wa pale bomani, mwenye ndevu nyekundu, ambaye likizo zake zote ziliishia katika kuchora maua. Watu walimwita Bwana Maua, naye alidhani ni cheo.

"Anania," alisema, "kuna safari mbili. Ya kwanza ni lori mpaka Makambako. Tunalala nyumba ya wageni, kuna vitanda, kuna jiko la chuma. Asubuhi tunatembea kidogo vilimani, mchana tunarudi kunywa chai. Ya pili ni kwa miguu, siku nne, mpaka juu Kitulo. Maua ya huko hayana hesabu, lakini kuna baridi, kuna mvua ya mawe, na nyumba hakuna. Watu wote nimewaambia tunakwenda Makambako, ila roho inanivuta mlimani. Wewe ndiye utakayepika. Chagua."

Makambako!

Hapo ndipo penye kisa. Miezi saba nyuma baba mkwe wake alifariki huko Makambako, na Anania hakwenda kuzika. Hakwenda! Bwana alikuwa na wageni, wageni walitaka keki, na badala ya kuomba ruhusa Anania alimpa dereva wa lori kopo la biskuti awapelekee wafiwa. Kopo la biskuti, jamani, kwa mtu aliyekupa binti yake! Mkewe, Ema, alikwenda msibani peke yake, na tangu siku hiyo hakurudi.

Dawa ya kosa hilo kila mtu aliijua. Mkwe aliyekosa hununua jembe jipya, akalipeleka mwenyewe, akaketi chini nje ya mlango wa wakwe na kusikiliza maneno yote mpaka wasemaji wachoke. Jembe Anania alikuwa nalo, uvunguni mwa kitanda, limeviringishwa gunia. Kilichomshinda ni mama mkwe. Mama Tabea alikuwa na ulimi ambao wazee wa kanisa waliuzunguka kwa njia ya nyuma. Basi mwezi ukapita, na mwingine, huku Anania akimlilia mkewe mbele ya unga wa keki na kusingizia vitunguu. Keki na vitunguu wapi na wapi?

"Kitulo, Bwana," alisema.

Mtunza bustani aliangusha ndoo.

"Una hakika?" Bwana Maua aliuliza.

"Hewa ya juu inafaa kifua, Bwana. Na vitanda vile vya nyumba ya wageni vinaharibu mgongo."

Wakaondoka na wapagazi sita, na Anania na jembe lake begani. Asingethubutu kuliacha nyumbani likaibwa, ndivyo alivyojiambia. Siku ya kwanza alisifu mandhari. Siku ya pili hakusifu kitu. Siku ya tatu, wakipanda milima ya Kipengere, mvua ya mawe iliwapiga saa nzima, na usiku Anania alilala amekumbatia sufuria ya maji moto huku akiitaja kwa huzuni nyumba ya wageni ya Makambako, kitanda kwa kitanda. Wapagazi walimcheka mpaka wakapaliwa.

Bwana Maua aliona ua moja la zambarau, akataka kuling'oa na mizizi yake. "Nipe hilo jembe."

"Hili si la udongo, Bwana."

Bwana alilitazama jembe, akamtazama Anania, kisha akaandika katika daftari lake kwamba Wabena wa Njombe wana jembe ambalo si la udongo.

Jumatano walitokeza juu. Kitulo yote ilikuwa maua, manjano na meupe na mekundu, mpaka ukungu ulipoyafunika. Bwana alipiga magoti kama mtu aliye kanisani. Anania yeye aliona moshi. Penye moshi pana moto! Akaukimbilia, akakuta kibanda cha mchungaji na zizi la kondoo, na mlangoni akatokea mwanamke mzee aliyejifunga blanketi.

Alikuwa Mama Tabea.

Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemezani. Anania aligeuka akampa mgongo, akajifunika koti kichwani. Mama Tabea naye akageuka, akavuta blanketi. Katikati yao akabaki kondoo mmoja jike, anatafuna.

"Wewe kondoo," alisema Mama Tabea, "hebu mwulize huyo amefuata nini huku."

Anania alilishika koti lisianguke. "Kondoo, mwambie mama nimemsindikiza Bwana. Na yeye je, yuko salama? Amefuata nini?"

"Mwambie niko kwa mdogo wangu mwenye kondoo hawa. Mwambie nimepanda mlima na magoti haya mabovu, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu habari za lori zilifika Makambako wiki mbili nzima zilizopita. Nani asiyejua kwamba yeye hufuata kitanda? Nikasema, nikiwa pale mlangoni, mwoga yule hatashuka garini. Afadhali nimpishe. Aje amchukue mkewe, asione haya. Umenisikia, kondoo? Mlango nimemwachia wazi, na yeye yuko huku!"

Kondoo alikohoa.

"Kondoo," Anania alisema polepole, "Ema anasemaje?"

"Anangoja lori. Amesema Jumamosi ikipita bila mumewe kufika, Jumapili baada ya ibada atalirudisha jembe la mahari kwa wenyewe."

Jembe la mahari likirudi, ndoa imekwisha, hakuna tena shauri. Anania alisahau miguu yake na uvivu wake. Alimkimbilia Bwana Maua kati ya maua, akasema neno ambalo miezi saba nyuma lilimshinda.

"Bwana, naomba ruhusa."

"Ruhusa? Nani atapika?"

"Kondoo," sauti ilitoka kule kwenye ukungu, "mwambie mzungu nitapika mimi."

Bwana Maua, ambaye alikuwa amesimama akiyasikiliza mazungumzo yale tangu mwanzo, alivua kofia akamwinamia kondoo. "Ahsante sana," alimwambia.

Siku tatu Anania alishuka. Kiatu kimoja kilifunguka kisigino, akakitupa. Cha pili akakitupa kwa hasira. Alilala kwa watu asiowajua, akala viazi baridi, akavuka vijito na jembe kichwani. Jumamosi, jua likiwa limeinama kidogo, aliingia Makambako akichechemea.

Ema alikuwa mlangoni. Jembe la mahari lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefungwa kamba, tayari kwa safari.

"Lori lilipita jana," alisema Ema. "Dereva akaniambia mmekwenda mlimani. Nikajua umenikimbia."

Anania alikuwa na uongo mzuri mdomoni, wa moto moto: nimevuka milima kwa miguu kwa ajili yako. Miguu yenyewe ingemtolea ushahidi. Lakini alikuwa amechoka mno, hata kwa uongo.

"Sikukukimbia wewe. Nilimkimbia mama yako. Na nikamkuta huko huko."

Akamweleza yote, hata kondoo. Ema alicheka mpaka akashika nguzo. Alicheka, akafuta macho, kisha kicheko kikakatika.

"Mama amekusamehe," alisema.

"Namshukuru sana."

"Mimi bado. Miezi saba unamwogopa mama, mama, mama! Mama kafiwa na mume, sawa. Na mimi je? Yule alikuwa baba yangu, Anania. Nilipotupa udongo kaburini niligeuka nyuma kukutafuta."

Anania alimtazama. Hakuwahi kuliwaza hilo, hata siku moja. Alikuwa amehesabu makali yote ya ulimi wa mama mkwe, asiyahesabu machozi ya mkewe. Aliketi chini mavumbini, akaliweka jembe jipya mbele ya miguu ya Ema, akalia. Safari hii hakuwa na kitunguu cha kusingizia.

Ema aliingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Lilikuwa limefungwa vilevile, hata utepe wake haujaguswa.

"Hatukulifungua. Nani angekula? Haya, kula."

"Zote?"

"Zote. Na mimi nitasema mpaka ziishe."

Akala. Zilikuwa zimelegea, zina ladha ya bati. Ema alianza na siku ya ugonjwa, akaja siku ya kifo, akaja jeneza, nani alilibeba na nani aliuliza mkwe yuko wapi. Anania alitafuna kidogo kidogo. Kila neno lilimchoma, lakini ilikuwa sauti ya Ema, naye alikuwa hajaisikia miezi saba.

Zilibaki mbili Ema alipochoka. Alichukua moja, akaitafuna, akakunja uso.

"Mbaya," alisema.

Kisha akayachukua majembe yote mawili, akayaingiza ndani.