Dakika Kumi na Sita

"Dakika kumi na sita?" mama yake Ngazi aliuliza, kisha akacheka kicheko kikavu. "Dada yangu, mtu asafiri nusu siku nzima kuja kumwona mwanangu, halafu wewe umwonyeshe dakika kumi na sita?"

Kocha alikuwa juu ya kiti cha kuazima, akifunga kwa waya wavu wa kikapu uliochanika tangu juzi. Mechi ilikuwa ianze baada ya saa moja. Aliukaza waya, akaupinda ncha isije ikamchoma mtoto, ndipo akashuka.

"Kila mtoto anapata kumi na sita, mama. Kila wiki zinabaki nane, na hizo leo nimempa yeye. Jumla ishirini na nne."

"Kati ya ngapi?"

"Arobaini."

"Kwa hiyo dakika nyingine zote atakuwa amekaa benchi anawashikia wenzake taulo."

Hesabu hiyo Kocha alikuwa ameipiga miaka tisa iliyopita, mwaka alioanza kuwafundisha wasichana wa mtaa, jioni baada ya zamu yake hospitalini, ambako alikuwa mhudumu wa wodi. Wachezaji watano uwanjani kwa dakika arobaini ni dakika mia mbili. Wasichana walikuwa kumi na wawili. Ukizigawa, kila mmoja anapata kumi na sita, na nane zinabaki. Hizo nane alimpa aliyewahi mazoezini, au aliyefagia uwanja bila kuambiwa, au aliyekuwa na wiki mbaya nyumbani. Mgawanyo wenyewe aliuandika kwenye kipande cha boksi la dawa, akakiegemeza mbele ya benchi ambapo kila mtoto angeweza kuliona jina lake.

Wazazi walimcheka. Msimu huu timu ilikuwa imeshinda mechi mbili kati ya kumi na moja, na baba mmoja, fundi redio, alizoea kusema kwa sauti ili asikike, "Hawa wanapenda usawa kweli. Hata kufungwa wanafungwa wote kwa usawa." Kocha alicheka pamoja nao. Hakuwahi kumweleza mtu kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na minne, alikaa benchi misimu mitatu, na kwamba siku ya mwisho ya msimu wa tatu mwalimu aligeuka kumwita aingie, akabaki mdomo wazi, kisha akauliza, "Wewe, hivi unaitwa nani?"

Sasa mama yake Ngazi alimsogelea. Alikuwa msusi, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kwenye viungo.

"Nisikilize, dada," alisema, safari hii kwa upole. "Huyo mwalimu wa shule ya bweni anachukua mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mmoja. Ada, kitanda, viatu, kila kitu juu yao. Mwanangu akimaliza shule mwaka huu, hana pa kwenda. Atavuta kigoda akae karibu yangu, asuke vichwa vya watu mpaka vidole vyake viwe kama hivi." Alivinyoosha mbele ya uso wa Kocha. "Wewe una utaratibu wako, na ni mzuri, sikatai. Mimi nina mtoto mmoja."

Kocha aliangalia upande wa pili wa uwanja. Ngazi alikuwa anapasha misuli. Walimpa jina hilo tangu utotoni, kwa sababu mpira ukikwama juu ya paa walimwita yeye. Alikuwa na mwili ambao Kocha aliuona mara moja tu katika miaka tisa: ukimrushia mpira popote, mikono yake ilikuwa imeshafika.

"Haya," Kocha alisema. "Atacheza zote."

Mama yake Ngazi alimshika mikono yote miwili.

Kilichobaki ni kujua dakika kumi na sita hizo zitoke wapi. Kocha alichuchumaa mbele ya kipande cha boksi, kalamu mkononi. Angeweza kuchukua nne kwa huyu, nne kwa yule, mpaka zifike kumi na sita. Lakini hapo angekuwa na watoto wanne wenye kununa, na baba zao wanne ukingoni. Macho yake yakashuka hadi jina la mwisho.

Kobe. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu kila mpira ulipomjia aliingiza kichwa katikati ya mabega. Alicheka hata yeye. Hakuwa na kasi wala kimo wala shabaha, na miezi kumi na tano hakuwahi kukosa mazoezi. Akikosewa, ndiye aliyeomba radhi. Dakika zake zilikuwa kumi na sita kamili.

Kocha alizipiga mstari zote. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alimchagua yeye, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: kwa sababu Kobe hangesema kitu.

Mechi ilianza jua likiwa bado kali. Mwalimu mgeni, mzee mwenye kofia ya kitambaa, alikaa peke yake ngazi ya tatu ya majukwaa, daftari juu ya paja. Ngazi alifunga kikapu cha kwanza kabla watu hawajamaliza kukaa. Akafunga cha pili. Robo ya kwanza ilipokwisha walikuwa wanaongoza, jambo ambalo msimu huu lilikuwa halijatokea, na fundi redio alisimama akapiga makofi bila utani wowote.

Kocha alibadilisha wengine kwa zamu zao. Kila alipoita jina, Kobe alijivuta kidogo mbele ya benchi, kisha akarudi nyuma. Alikuwa amefunga kamba za viatu kwa mafundo mawili mawili. Mstari juu ya jina lake alikuwa ameuona, hilo halikuwa na shaka, kwa kuwa boksi lilikuwa mbele ya miguu yake. Labda alidhani ni makosa ya kalamu.

Katikati ya robo ya tatu alikuja akasimama kando ya Kocha.

"Kocha, shikamoo."

Walikuwa wameshasalimiana. Lakini Kobe alikuwa hivyo; akiwa na jambo zito alianza upya na salamu.

"Marahaba, mwanangu."

"Zamu yangu bado?"

"Bado kidogo."

"Sawa. Nauliza tu." Akapindapinda ncha ya jezi. "Ni kwamba mama amekuja. Yule wa kitambaa cha bluu, pale karibu na lango. Basi lake linaondoka saa kumi na moja."

Kocha aligeuka. Mama huyo alikuwa akifanya kazi za ndani nchi nyingine, na mtaani kila mtu alijua kwamba Kobe analelewa na bibi yake. Miaka miwili na miezi minne hakuwa amerudi. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko Kocha alivyodhani, amekaa wima, begi katikati ya miguu. Alipoona Kocha anamtazama, akatabasamu na kuinua mkono, kama mtu anayemshukuru mwingine kwa wema.

"Nilimwambia nacheza," Kobe alisema.

"Ngoja kidogo tu," Kocha alisema. "Kaa tayari."

Matokeo yalikuwa sare. Ngazi alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kwa mdomo. Refa alipopuliza filimbi alichelewa kuinuka. Kocha alikuwa amewaona watoto wengi wakichoka, na alijua kuchoka kwa mapafu na kuchoka kwa miguu si kitu kimoja. Hii ilikuwa ya miguu. Alitua vibaya baada ya kila kuruka, kwa kisigino kwanza, kama mtu anayeshuka kwenye gari linalotembea. Dakika tatu tu za kupumzika zingemtosha. Dakika tatu za Kobe, na mama mwenye kitambaa cha bluu angekuwa ameona.

Kocha aliinua mkono kuelekea meza ya mtunza saa.

"Dada!" mama yake Ngazi aliita nyuma yake. Neno hilo moja tu.

Mkono ulishuka. Ukapitia shingoni, ukajikuna mahali pasipowasha.

Ilikuwa robo ya nne, zimebaki dakika tatu na nusu. Mpira uligonga ubao ukarudi juu, na Ngazi akaruka katikati ya wengine watatu. Aliupata. Alipotua, mguu wa kulia ulifika chini kabla ya mwili, goti likaingia ndani. Waliokuwa karibu walisikia mlio, kama kijiti kibichi kinavyovunjwa. Mpira alikuwa bado ameukumbatia. Ilibidi refa autoe kifuani pake taratibu.

Mwalimu mgeni alishuka kutoka majukwaani. Alipiga goti kando ya mtoto, akamwekea kiganja kichwani, akamwambia pole. Kisha akasimama karibu na Kocha wakati wengine wanamfunga mguu.

"Amecheza bila kupumzika tangu mwanzo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Kocha alitaka kusema kitu, akaona maneno yote aliyokuwa nayo ni ya aibu. "Ili umwone," alisema.

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani. "Nilikuwa nimeshamwandika dakika ya tano," alisema. "Hata angekaa chini mechi yote iliyobaki, nilikuwa nimeshamwandika." Akaivaa kofia. "Nafasi ni moja, na muhula unaanza mwezi ujao. Unanielewa."

Kocha alielewa.

Refa alikuwa anasubiri. Lazima mtu aingie.

"Kobe," Kocha aliita. "Ingia."

Mtoto aliinuka kwa haraka mpaka benchi likayumba. Alikimbia hadi katikati ya uwanja, akasimama mahali pake hasa, kisha akageuza kichwa kuelekea lango. Pale alipokuwa mama yake palikuwa na mwanamume mwingine anakula karanga. Saa kumi na moja ilikuwa imepita kwa dakika kadhaa.

Mpira ulirushwa kwake. Kwa mara ya kwanza hakuingiza kichwa mabegani. Alikuwa bado anatazama lango, na mpira ukampiga begani ukatoka nje. Walifungwa kwa pointi tisa.

Jumatatu, Kocha akiwa kwenye sare yake ya kazi, ndiye aliyemsukuma Ngazi kwa kiti cha magurudumu kutoka chumba cha eksirei mpaka kwa daktari. Njia hiyo alikuwa amewapitisha mamia ya watu. Alijua pale sakafu ilipobonyea, akapunguza mwendo mtoto asirushwe. Ngazi hakulia. Aliuliza tu kama kikapu chake cha mwisho kabla ya kuanguka kilihesabiwa.

Daktari alisema kano ya ndani ya goti imekatika, na kwamba upasuaji wa namna hiyo haufanyiki pale, na huko unakofanyika ni mbali, na gharama yake si ya watu wa namna yao. Atatembea, alisema. Kukimbia ni jambo jingine.

Mama yake Ngazi alisikiliza akiwa amesimama. Nje, kwenye benchi la korido, walikaa wanawake wawili bega kwa bega. Kocha alikuwa amejiandaa kutukanwa. Usiku kucha alikuwa amejiandaa.

"Mimi ndiye niliyekwambia," mama yake Ngazi alisema.

"Hapana, mama."

"Mimi ndiye." Alivitazama vidole vyake. Kisha akaongeza, taratibu, bila hasira, "Lakini ungekataa tu, dada. Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Ungenikatalia tu."

Mazoezini wiki hiyo walikuja tisa, wiki iliyofuata saba. Kobe hakuwa miongoni mwao. Kocha aliulizia, wenzake wakasema shuleni yupo, mzima, hana neno. Wiki ya tatu alitoka kazini akaenda kwao moja kwa moja.

Bibi yake alimkaribisha kama wageni wa heshima wanavyokaribishwa, akafuta kiti kwa ncha ya nguo yake. "Wewe ndiye mwalimu wake? Kila siku jina lako mdomoni. Kaa, mama, kaa, naweka chai." Akaingia ndani kabla Kocha hajapata la kusema.

Kobe alikuwa uani, beseni la nguo zilizofuliwa miguuni. Alimwamkia. Kocha aliitikia.

"Hatukuoni, mwanangu."

"Nina kazi kidogo za nyumbani, Kocha."

"Nilikukosea."

Kobe alikung'uta shati, akaliangalia. "Mama alipiga simu alipofika," alisema. "Akasema pole, gari lilikuwa linamwacha. Akaniuliza kama niliingia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia niliingia alipotoka tu. Akauliza kama nilifunga." Akalirudisha shati kwenye beseni. "Nikasema viwili."

"Njoo kesho," Kocha alisema. "Tafadhali."

"Nitakuja, Kocha," Kobe alijibu kwa adabu ile ile, na wote wawili wakajua kwamba hatakuja.

Ndani bibi alikuwa anagonganisha vikombe, akiimba kwa chini. Kamba ya kuanikia ilikuwa imefungwa juu mno, kwa kipimo cha mtu mzima ambaye hakuwepo. Kobe alichukua shuka, akalitundika mkononi, akakunja magoti na kuruka. Ncha iligusa kamba ikateleza. Alilikusanya kabla halijagusa mchanga, akarudi hatua moja nyuma, akaruka tena. Kocha alikaa kwenye kiti kile kilichofutwa, mikono juu ya mapaja, akitazama nyayo mbili ndogo zikiachana na ardhi na kurudi, zikiachana na kurudi.