Jina Kwenye Mfuko wa Gauni

Kija wa Migato alikuwa na mtoto nesi, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Ukimpitia asubuhi ukamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," ataitikia vizuri, halafu kabla hujanyanyua mguu ameshakueleza kwamba Milembe wiki hii yuko zamu ya mchana.

Milembe alikuwa anajitolea wodi ya wazazi, kwenye kituo kimoja cha afya pale Bariadi mjini. Mwaka wa pili huo. Anayejitolea hajaajiriwa bado, anafanya kazi ile ile huku anangoja siku jina lake lipite. Na jina lilikuwa limeshapelekwa. Sista Asumini, mkuu wa wauguzi, alimwambia kwa kinywa chake, "Nimekuandika wa kwanza. Usiniharibie tu."

Wa kwanza kwa sababu ya usafi. Kucha fupi, nywele zimebanwa, viatu vimefutwa, gauni jeupe limenyooka mpaka mkunjo wa mkono unasimama wenyewe. Gauni hilo lilikuwa mkono wa Kija. Kila Milembe akipata siku ya mapumziko alirudi Migato na sare zake, na mama yake hakukubali mtu mwingine azifue. Alizipiga pasi ya mkaa juu ya meza, blanketi chini, anatema maneno kwa kila anayepita karibu na vumbi lake. Siku gauni moja lilipopotea huko kituoni, Kija alichukua uzi mwekundu akadarizi juu ya mfuko wa kifua cha lile lililobaki, herufi kubwa kabisa: MILEMBE.

"Sasa atakayelivaa ajulikane," alisema.

Kule wodini kulikuwa na Philomena. Huyu ni mwajiriwa, miaka sita kazini. Gauni lake lina doa la chai tangu Pasaka, kucha ndefu za rangi, bazoka mdomoni, simu haitoki sikioni. Mama akilia kwa uchungu, Philomena anamuuliza, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulinipigia simu?" Na wengine wanacheka.

Milembe aliyasimulia haya nyumbani huku anamenya viazi. Alitaka kumwambia Sista.

"Wewe ndiye umekwenda kuwachunga?" Kija alimjibu. "Yeye ameajiriwa, wewe unajitolea. Funga mdomo wako, mwanangu. Akikuomba kitu, mpe, muishi vizuri."

Basi Milembe akafunga mdomo, akawa anaazimisha. Leo kofia, kesho gauni.

Ikaja Jumapili ya kipaimara cha Method, kitinda mimba wa Kija. Milembe alikuwa zamu ya asubuhi.

"Omba ruhusa," mama yake alimwambia kwenye simu.

"Nimeomba. Sista amekataa, watu ni wachache."

"Badilishana na huyo mwenzako. Si unamwazimaga nguo kila siku?"

"Mama, yule Philomena sio mtu wa kumwachia wodi."

"Sio mtu kwa nini? Kuzaa wanazaa wenyewe! Watu watasema nesi wetu anajidai, hata sakramenti ya mdogo wake hakuja."

Mwishowe Milembe alisema, "Haya." Walibadilishana kwa mdomo tu, rosta ukutani hawakuigusa. Philomena alitoa sharti moja: "Niachie na gauni lako. Langu halifai."

Siku ile kanisani Kija alikuwa amekaa mbele. Baada ya misa Milembe alikata keki na Method, akacheza, akapigwa picha mpaka simu ikajaa.

Saa hizo hizo, Mashimba, mkulima wa pamba wa kijiji cha jirani na Migato, alikuwa wodini na mke wake Salu, mimba ya kwanza. Nesi mwenye barakoa alimpima mara moja, akamwambia atembeetembee, akatoka na simu yake. Mashimba alimfuata nje mara tatu.

"Baba, mimi siyo dawa," nesi alimwambia. "Rudi kwa mke wako."

Salu alijifungua amechuchumaa, kashika ukuta. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mtoto hakulia, wala hakupumua. Mashimba hakuijua sura ya yule nesi, barakoa iliificha. Lakini darasa la saba alimaliza, na kifuani pa nesi palikuwa na maandishi mekundu. Aliyasoma.

Jumatatu Milembe aliitwa aandike maelezo. Philomena alisema yeye Jumapili alikuwa mapumziko, rosta si ile ukutani? Jioni Milembe alimpigia mama yake analia. "Wanasema ni mimi. Usije, mama. Niache kwanza nifikiri."

Nani anaweza kuambiwa hivyo akatulia? Jumanne Kija alipanda gari la kwanza na simu ya Method mkobani. Kwa Milembe hakupita. Alinyooka ofisini kwa Sista Asumini, hata kiti hakungoja kukaribishwa.

"Sista, mwanangu mnamwonea. Angalia mwenyewe. Jumapili saa nne, huyu hapa, kashika kisu cha keki. Hii hapa anacheza. Hii yuko na padre."

Sista alizitazama moja moja, polepole.

"Rosta inasema alikuwa zamu."

"Hakuwepo! Watu mia wamemwona."

"Na gauni?"

"Alimwachia mwenzake, Philomena. Mimi ndiye niliyemwambia wabadilishane." Kija alijifuta jasho. Aliona kesi imekwisha.

Sista alivua miwani, akatuma Milembe aitwe. Milembe alipoingia aliiona simu mezani, picha ya keki inawaka. Akamtazama mama yake.

"Umewaonyesha?"

"Si ndiyo ushahidi, mwanangu?"

"Mama," Sista alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "kama angekuwepo akazidiwa, ningemtetea. Ningesema alikuwa peke yake na kina mama watano. Lakini huyu ameacha wodi bila ruhusa, amekwenda kwenye keki, na jina lake amemvalisha mtu ambaye tabia yake aliijua. Aliijua, akanyamaza. Nitamtetea kwa lipi?"

"Nilimwambia mimi anyamaze."

"Basi mmefanya wawili."

Philomena alipewa barua ya onyo akahamishiwa wodi nyingine. Ameajiriwa, ana pa kuhamishiwa. Jina la Milembe lilikatwa pale pale, na leseni yake ilipelekwa kwenye baraza la wauguzi. Mwaka unazunguka sasa, hakuna jibu, na wanaojua wanasema asingoje.

Yuko Migato, analima. Kija aliufumua ule uzi kwa wembe, akaloweka gauni kwenye dawa ya madoa siku mbili. Rangi ilikuwa imeshaingia kwenye kitambaa. Ukilianika, MILEMBE inasomeka kwa mbali, rangi ya waridi.

Salu anasaga mahindi mashine ile ile wanayosaga wao. Siku wakikutana, Salu anahamisha ndoo yake upande wa pili, na wanawake wengine wananyamaza mpaka Milembe apimiwe unga wake aondoke. Milembe anabeba kosa la mtu mwingine, na wote wanaamini ni lake. Kija alijaribu siku moja kusema hapo mashineni kwamba siye yeye. "Basi nani, mayu?" Salu alimuuliza. "Jina nimelisoma mwenyewe aliponiinamia kunipima."

Jioni wanakaa wawili jikoni, wanapukuchua mahindi. Milembe hajawahi kumkumbusha mama yake lile neno alilolisema kwenye simu, kwamba kuzaa wanazaa wenyewe. Hajalitaja hata siku ya hasira. Kija analingoja kila jioni, na halitajwi.