Koti la Waya

Mashine mpya ilichomelea vizuri asubuhi na vibaya mchana, na karakanani hakuna aliyejua kwa nini.

Ilikuja Jumatatu. Muuzaji alituruhusu kuijaribu hadi Ijumaa saa sita. Tukiipenda ibaki, tusipoipenda aichukue. Mimi ndiye niliyemwomba Mjomba aikubali. Sikuwahi kumwomba kitu maishani, hata kalamu. Lakini alikuwa na kazi ya vitanda kumi na viwili vya watoto vya zahanati, vya mabomba membamba, na vijiti vya kuchomelea alivyovizoea vilikuwa vinayatoboa mabomba yale kama karatasi. Chuoni nilijifunza mashine ya waya na gesi. Nilimweleza kwa sauti ndogo mno, akaniambia niseme tena, nikasema tena.

"Haya," alisema. "Ila ikitushinda, Bibi Diploma, unarudi kwenye brashi ya rangi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimepaka mageti ya watu kwa miezi minne, hadi ndotoni nilikuwa napaka.

Jumanne asubuhi nilimwonyesha. Unabana koleo la umeme kwenye chuma, unafungua mtungi, unaishika bunduki ukiinamisha kidogo. Ukibonyeza kifyatulio, waya unatoka wenyewe, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na gesi inatoka pamoja nao ikiuzunguka. Waya unauacha utokeze nje ya mdomo wa bunduki urefu wa ncha ya kidole, basi. Halafu unasikiliza. Ikipatia, inalia kama mafuta yanayokaanga, mfululizo. Ikikosea, inapiga makofi.

Mjomba alishusha kinyago, akachomelea kiungo cha kwanza. Kililia vizuri. Alipoinua kinyago alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata kiatu kilichopotea.

"Kumbe! Wala hakuna gamba la kubandua!"

"Ngoja mchana," alisema Kijiti kutoka meza yake. Kijiti ni fundi mwenzake Mjomba wa miaka mingi. Jina alipewa kwa sababu hataki kusikia habari ya kifaa kingine. "Mashine za siku hizi ni kama wakwe. Siku ya kwanza tabasamu tu."

Na kweli, mchana ule viungo vilitoka vimejaa vitundu kama sifongo. Mjomba aligonga kimoja kwa nyundo, kikaachia. Alikiokota.

"Mtoto atalala juu ya hiki," alisema, akakitupa kwenye pipa.

Jumatano ikawa vilevile: asubuhi safi, mchana sifongo. Nilibadilisha waya. Nilisugua kutu mpaka bomba likang'aa. Nilikagua kipimo cha gesi, mshale haukuwa umesogea. Mkono ni uleule, bomba lilelile. Niliandika kila kitu kwenye daftari langu, na chini yake nikaandika: *Mchana una nini ambacho asubuhi haina?*

Swali lile lilinishika hata mezani. Mama aliniuliza mara mbili kama nataka chumvi, nikamjibu saa nne.

Maana nilishaona kwamba mambo hayasubiri mchana wenyewe, yanaanza kuharibika saa nne hivi. Alhamisi nilikaa juu ya ndoo, nikavaa kinyago, nikaacha kutazama moto na kuanza kutazama kilichokuwa pembeni yake. Saa mbili moshi wa kuchomelea ulipanda wima hadi kwenye mabati. Saa tatu bado wima. Saa nne mabati yalianza kuunguza, Kijiti akajifuta jasho, akaenda kuwasha feni kubwa ya ukutani kama kila siku. Moshi ukalala upande.

Nilikumbuka vyumba vya mazoezi vya chuo, kila kimoja na mapazia yake mazito. Miaka miwili nilidhani mapazia yale ni ya kuzuia mwanga tu. Sikuuliza. Mimi huwa siulizi.

Kijiti cha kuchomelea huja na koti lake: unga ulioganda juu yake huungua na kukifunika chuma kilichoyeyuka, ndipo lile gamba linapotokea. Waya huja uchi. Koti lake ni gesi, na gesi inapeperushwa. Hewa ikiingia kwenye chuma cha moto, inaacha vitundu.

Au ndivyo nilivyodhani. Feni ile ilikuwa hapo kabla mimi sijaota meno, na mafundi wawili walikuwa wamechomelea mbele yake muda wote huo. Mimi nani wa kusema izimwe? Alhamisi nzima nilifungua mdomo na kuufunga.

Ijumaa saa tano na nusu, Mjomba alichukua bomba la mwisho la majaribio.

"Kiungo hiki kimoja," alisema. "Kikitoka sifongo, tunaifunga kwenye boksi lake."

"Boksi nimeshalipangusa," alisema Kijiti.

Feni ilikuwa inavuma. Mjomba alishusha kinyago, akaanza. Niliisikia ikipiga makofi. Neno halikutoka, miguu ndiyo iliyokwenda. Nilisimama kati ya feni na meza, nikaupa moto mgongo, nikalishika koti langu la kazi pande zote mbili na kulitanua kama kuku anayefunika vifaranga.

"We binti, unataka kuruka?" aliuliza Kijiti.

Nyuma yangu makofi yalikoma. Mafuta yakaanza kukaanga.

Mjomba alipomaliza sikugeuka. Nilisikia kinyago kikiinuka, kisha brashi ya waya ikisugua.

"Njoo uone," alisema. Hakuwa anamwita Kijiti.

Mshono ulikuwa mmoja. Nusu yake ya kwanza ilikuwa vitundu vitupu. Nusu ya pili ilikuwa laini, yenye mawimbi madogo yaliyopangana kama magamba ya samaki. Kijiti alisogea, akaweka kidole pale nusu mbili zilipokutana, akatazama koti langu, akatazama feni.

"Aisee," alisema, akaenda kuizima mwenyewe.

"Umejua tangu lini?" Mjomba aliniuliza.

"Jana. Ila sikuwa na hakika."

"Na ukanyamaza?"

Nilianza kufunga vifungo vya koti. Mjomba akachukua nyundo ndogo, akanipa.

"Ukiona kitu na mdomo ukagoma, gonga chuma mara mbili. Nitainua kinyago."

Muuzaji alikuta boksi limegeuzwa kuwa kizuizi cha upepo wa mlangoni na Kijiti anajipepea kwa kipande chake, akilalamika kwamba ameuzwa kwa joto. Muuzaji aliondoka bila mashine.

Jumatatu iliyofuata tulianza kitanda cha kwanza. Mjomba alikuwa anaiweka bunduki mbali mno, waya umetokeza urefu wa kidole kizima. Nilisubiri arekebishe. Hakurekebisha.

Nikagonga mara mbili.