Jina la Mzee wa Pampu

Garissa haina reli. Mtu akituuliza habari za stesheni, kwanza tunacheka. Lakini sisi tuliopeleka ng'ombe pwani kwa miguu tunaijua Stesheni ya Maboko.

Mwaka wa 1971, ukame ulipokausha malambo yote, niliswaga ng'ombe arobaini na wawili kutoka Ijara hadi kwenye njia ya gari la moshi. Nilifika na thelathini na wanne. Maji yalikuwapo, katika tangi kubwa la chuma juu ya nguzo, lakini yalikuwa ya injini. Sheria ilisema hivyo, tena ilibandikwa ukutani.

Mtu aliyesimamia mashine ya kuvuta maji hayo aliitwa na wote Mzee wa Pampu. Alinitazama, akawatazama ng'ombe, kisha akasema, "Kuna bomba linavuja kule nyuma. Nitaripoti kesho. Leo nina kazi."

Nyuma ya tangi maji yalikuwa yakitiririka ndani ya mtaro mrefu, uliochimbwa kwa uangalifu ambao mtaro wa maji yanayovuja hauhitaji. Ng'ombe wote thelathini na wanne walikunywa. Nami nilikunywa. Sikumwuliza jina. Kwetu, mtu akishapata jina la utani, lile alilopewa na babaye hubaki nyumbani kwake.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Bi. Kalekye, mtafiti wa ofisi ya turathi, alipokuja Garissa na kinasa sauti mwanzoni mwa 1996. Maboko ilikuwa imeorodheshwa kuwa urithi wa taifa, naye alikuwa akikusanya historia yake.

"Waliopanda treni nimeshawauliza," alisema. "Sasa nawauliza waliofika kwa miguu."

Nilizungumza saa nzima. Nilifurahi kwamba hatimaye mtu alitaka kujua habari za yule mzee.

Mwezi wa Agosti nikapata barua yake katika ofisi ya soko la mifugo, ambako mimi ni karani. Ndani yake kulikuwa na maneno yatakayochongwa kwenye kibao cha stesheni. Nikiona kosa, alisema, nimpigie simu kabla ya Ijumaa, siku ambayo fundi angeanza kuchonga. Barua ilikuwa imekawia njiani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilikwenda nayo kibandani kwa Yarow, muuza chai, nikawasomea waliokuwapo: "'Katika miaka ya ukame, wafugaji walinyweshewa mifugo yao hapa na Mzee Wabambu.'"

Sirad, mama anayetuuzia maziwa ya ngamia, ambaye sote tunamwita Eddo, yaani shangazi, aliweka dumu lake chini. "Rudia."

Nikarudia.

"Huyo ni mume wangu," alisema, nami sikuwa nimejua hilo hata siku moja. "Mashaallah. Kazi yake wameiandika. Haya, sasa soma jina lake."

"Jina ndilo hilo, Eddo Sirad."

"Hilo ni kazi. Mume wangu aliitwa Nunow."

Niliinama tena juu ya karatasi. Masikio yangu hayakuwa yameona tatizo lolote, lakini macho yaliliona. Palikuwa na W kubwa, kisha neno limeunganishwa, na B pale ambapo pangekuwa na P. Bi. Kalekye alikuwa ameandika nilivyotamka. Sisi P hutushinda. Hugeuka B kabla haijatoka mdomoni.

"Karani mzima," Yarow akanicheka. "Umemletea Eddo mume wa bili!"

"Wa pili," mtu akamrekebisha.

"Si ndivyo nilivyosema?"

Sirad hakucheka. "Nunow alifia huko, akazikwa huko. Ni miaka kumi na mitatu sasa. Kaburi lake sijaliona, na wanasema halina alama. Jina lake likikaa kwenye ukuta huo, nitajua angalau yuko mahali. Wakichonga la mtu mwingine, je?"

Tulikwenda posta sote watatu. Nilipiga simu Nairobi, nikampata Bi. Kalekye mwenyewe.

"Si Wabambu," nilimwambia. "Ni wa bambu."

"Ndiyo, Mzee Mursal. Wabambu. Ndivyo nilivyoandika."

"Hapana. Bambu. Bambu ya maji."

"Bambu ya nini?"

"Mwambie bilibili, ataelewa!" Yarow alipiga kelele nyuma yangu.

Nilivuta pumzi. Nikaona neno lenyewe halitanisaidia, afadhali nieleze kitu. "Bibi, kuna ile mashine. Inavuta maji kisimani, inayapandisha kwenye tangi. Huyo ni mzee wa hiyo mashine. Si jina lake. Ni kazi yake."

Akapiga kelele, "Pampu! Mungu wangu! Kaseti hiyo nimeisikiliza mara nne!"

"Kosa ni la mdomo wangu."

"Na masikio yangu je? Haya, nipe jina lake, nimpigie fundi sasa hivi."

Nilimpa Sirad mkonga wa simu. Aliushika kwa mikono miwili, nasi tukasogeza masikio karibu.

"Nunow," alisema polepole. "Nunow Abdow Jama Maalim Shurie..."

"Mama, samahani, kibao ni kidogo."

"Basi ishia kwa Jama. Wengine watatusamehe."

"Nunow Abdow Jama," Bi. Kalekye alirudia. Tulisikia karatasi zikifunuliwa. "Ngojeni. Ninalo hapa daftari la matengenezo la stesheni. Miaka kumi na miwili, kila kiangazi, limeandikwa 'bomba linavuja', na chini yake herufi N.A.J. Nilidhani palikuwa na fundi mzembe."

"Hakuwa mzembe," Sirad alisema. "Lilivuja alipotaka."

Mwezi wa Desemba picha ya kibao ilikuja kwa posta. Nilimpelekea Sirad pale anapouzia maziwa. Hajui kusoma, kwa hiyo alinipa kidole chake nikakiongoza juu ya jina, herufi moja moja, hadi mwisho wa Jama. Kisha nikamsomea yote: "'Mzee wa Pampu, Nunow Abdow Jama, ambaye bomba lake lilivuja kila kiangazi.'" Neno lile nililitamka kwa kubana midomo, na safari hii nadhani lilitoka sawasawa.

Alirudisha kidole mwenyewe mahali pale jina linapoanza, akakiacha hapo.

"Eddo," nilisema, "nilikunywa maji ya mumeo."

"Najua. Tangu Agosti umeniambia mara ngapi?"

"Yeye mwenyewe sikumwambia ahsante."

Alijaza kikombe maziwa, akanisukumia.

"Basi kunywa," alisema, "unyamaze."

Nikanywa.