Chini ya Miji Mia

Nimelaza kichwa mezani, saa saba mchana, umeme umekatika na feni imesimama. Saa nane bosi wangu, kaka Elifuraha, anataka jibu. Kampuni itanisomesha mwaka mzima: nichague kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayozigawia zamu programu nyingine zote, au mashine pepe, ufundi wa kuifanya kompyuta moja iishi kama mia. Nakiete, kaniambia asubuhi, huwezi kushika yote mawili. Nafumba macho nifikiri kidogo, na kiti kinanizamisha polepole, na sakafu inakuwa barabara, na barabara inajikunja na kurudi na kujikunja tena, mpaka mbele yangu pana miji mia, kila mmoja sura ya mwenzake, duka lilelile la samawati, mama yuleyule anayekaanga vitumbua, na akina mama wote mia wananiita kwa sauti moja, karibu dada. Nataka kubaki hapa milele. Kando yangu anatembea mtu asiye na uso. Upi ndio mji wenyewe, namuuliza. Ule usioonekana na yeyote anayeishi ndani yake, ananijibu. Mara mafuta yananyamaza kikaangoni. Mama kaganda, mkono hewani, hapepesi hata jicho, na mji wa pili unaganda, na wa tatu, na ukimya unanijia mbio. Nani kawasimamisha? Wanaongojana, anasema asiye na uso, na ananionyesha ngazi ya kushuka ardhini. Miaka sita naandika programu za juu, huko chini nimewaachia wengine. Nashuka.

Chini wamesimama mwanamume mwenye ufunguo wa ghala na mwanamke mwenye ufunguo wa lango, na hakuna awezaye kufanya kazi bila kuwa na funguo zote mbili. Nasubiri anipe wa kwake, anasema mwanamume. Aanze yeye, anasema mwanamke, wangu siuachi ng'o. Kumbe miji yote mia inawangoja hawa wawili! Dada, namwambia, mpe, na zamu inayofuata ni yako, nasimama hapahapa mpaka uipate. Ananikazia macho. Anautoa. Mwanamume anafungua, anamaliza, anarudisha zote mbili, na mwanamke anaingia akicheka, na juu yetu vigelegele vya miji mia vinapasuka kwa pamoja, na mimi napiga kelele kama niliyefunga bao.

Nakiete, saa nane. Elifuraha kanigusa bega. Kiini, nasema kabla hajauliza. Una hakika? Wenzako wote wamekimbilia mashine pepe. Kiini, kaka, mimi nashuka chini. Ananipa mkono, anaubana kwa furaha. Kwenye dirisha la jengo la pili namwona mwanamke mwenye sura yangu hasa akipeana mkono na bosi wake, uso umemng'aa kwa ushindi. Nataka kumpungia. Ananipungia kabla sijainua mkono.