Sauti Chini ya Mashua ya Rosenda

Rosenda Macaraeg hakuja mtoni kutafuta medali. Alikuja kuuliza. Tulikuwa tunaosha mashua za mbio kwenye gati la klabu yetu, ukingoni mwa mto Pasig, alipotokea na sare ya chuo cha uuguzi, ndizi ya kukaanga kwenye kijiti mkononi, akataka kujua kwa nini sisi tunakwenda kinyumenyume. Kwao Cardona, ziwani, baba yake alifuga samaki aina ya mwatiko ndani ya uzio wa nyavu, na yeye tangu utotoni alipiga kafi akitazama anakokwenda.

Kocha Teresita, aliyewahi kuivujia nchi jasho kwenye makasia miaka ya ujana wake, hakumcheka. "Kafi ni kazi ya mikono," alisema. "Makasia haya ni kazi ya miguu, na mguu husukuma vizuri ukiwa umeipa safari mgongo. Lakini maneno hayatoshi, mwanangu. Panda ujionee."

Alipanda, akaanguka mara tatu. Ya tatu aliibuka na gugu maji kichwani.

"Usilivue, dada, limekupendeza," Arsenio, mwenzangu wa mashua ya watu wawili, akamwambia.

Rosenda alicheka huku akitema maji, kisha akauliza: hiki kiti cha magurudumu kinapoteleza kurudi, nani anakirudisha, yeye au mashua? Kocha aliandika jina lake siku hiyohiyo.

Katika miaka mitano akawa bingwa wa nchi nzima katika mbio za wanawake za mtu mmoja mmoja. Mtihani wa uuguzi aliufaulu. Mama yake alilalamika kwamba wenzake wote wako Riyadh wanahudumia wagonjwa na yeye bado anavuta maji, lakini Rosenda hakuondoka. Kilichomzuia ni jambo asilolielewa. Kila alipotoka nje ya nchi alikwenda sambamba na wa mbele kwa mita elfu moja na mia tano, halafu katika mia tano za mwisho wakamwacha. Nafasi ya nne, ya nne tena, ya tano.

Kocha alimwongezea vyuma vya kunyanyua, akamwongezea na wali. Arsenio alidai kwamba anaogopa kushinda.

"Kama ni woga," Rosenda alimjibu, "mbona unanishika palepale kila mara? Woga umevaa saa?"

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Tailandi, alikuwa wa nne tena. Aliyeshinda alikuwa Mvietinamu aitwaye Nhan, mwembamba, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Mimi ningejifungia chumbani nilie. Rosenda alikwenda kukaa ukingoni, kumwangalia Nhan akipoza mwili kwa kupiga makasia polepole. Nhan aliporudi gatini, Rosenda alimfuata. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Rosenda alimwonyesha mashua, akaonyesha mwisho wa maji, akakunja uso kama mtu aliyeishiwa pumzi, kisha akafungua viganja: kwa nini?

Nhan akagusa sikio lake mwenyewe, akaonyesha chini ya mashua, na kwa midomo akatoa sauti ya sufuria inayochemka taratibu. Kisha akajifanya mchovu, akateleza mbele harakaharaka juu ya kiti cha kufikirika. Sauti ikakatika.

Rosenda alirudi kwetu macho yamemtoka. Mapovu, alisema. Mashua ikiteleza vizuri, chini yake kuna mapovu yanayosikika. Yeye akichoka hukikimbiza kiti, na uzito wake unaipiga mashua breki.

Arsenio alinuna. "Mpinzani akikupa siri, ujue ni mtego."

"Basi niache ninase."

Pasig ina kelele za matishari, kwa hiyo alihamia ziwani kwao. Majuma sita alipiga makasia macho yamefumbwa, polepole mno, hata kocha akamuuliza kama anasindikiza maiti. Rosenda alimkabidhi mashua. Kocha Teresita, mwenye miaka hamsini na minane, alijikunja humo, akaenda mita mia mbili, akarudi. Baadaye aliniambia kwamba amepiga makasia miaka ishirini na hakuwahi kusikiliza.

Katika fainali ya mashindano yaliyofuata, Rosenda alikuwa wa nne kwenye mita elfu. Nilitafuna kucha. Kwenye elfu moja na mia tano wenzake, isipokuwa Nhan, walianza kukimbiza viti. Yeye alirudi taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akampita mmoja, akampita wa pili. Nhan alibaki mbele kwa nusu ya urefu wa mashua.

Medali ya fedha ikawa ya Rosenda. Hata kabla ya kufuta jasho alitafuta mkalimani, akamuuliza Nhan ni nani aliyemfundisha kusikiliza. Nhan alisema hakuna. Makocha walimwona mfupi, wakamwacha afanye mazoezi peke yake, na mtu aliye peke yake husikia mengi.

"Una mengine?" Rosenda aliuliza.

"Njoo nyumbani."

Alikwenda, akakaa miezi mitatu kwa mama yake Nhan, akajifunza na lugha yao. Walishindana miaka minne zaidi. Rosenda alimshinda mara moja tu, siku ya mvua, na mpaka leo wanabishana kwenye simu kama upepo wa siku ile ulikuwa sawa kwa wote.