Kitambaa Mbele ya Rejeta

"Uza tu gari hili, mukecuru. Moteri iko nakufa," alisema fundi Gakwaya.

Bibi Illuminée hakunyanyuka kwenye kigoda ambacho fundi mwenyewe alikuwa amemtolea kivulini. Bila gari lile, mjukuu wake Mukunde, aliyepooza mguu, asingefika shuleni Remera.

"Siuzi. Barabara ikiwa wazi nikakimbia, mshale wa joto unatulia. Nikiingia kwenye foleni ya Nyabugogo nikaanza kutambaa, maji yanachemka. Moteri inayokufa haichagui barabara."

"Lakini feni nilifunga mpya mwezi jana. Si inazunguka vizuri?"

"Hata mlevi anazunguka, mwanangu. Washa!"

Moteri ilipopata joto na feni ikaanza kuvuma, bibi alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakishika mbele ya gari. Alikuwa amepepeta maharage miaka hamsini, na upepo aliujua. Kitambaa kilipaswa kuvutwa ndani, kinate kwenye rejeta. Badala yake kilimrukia usoni.

"Umeona? Inapuliza nje. Nikikimbia, upepo wa barabara unaishinda nguvu. Nikienda polepole, inafukuza hewa yote."

Gakwaya alishika kichwa. "Nyaya za feni! Nilizigeuza mimi mwenyewe."

Alipozibadilisha, kitambaa kilivutwa kikanata. Akakibandua, akakikung'uta vumbi, akamrudishia bibi kwa mikono miwili. Bibi aliuona upole huo, lakini hakumwacha bila neno la kumchoma.

"Sasa mpishe maiti wako," alisema akijifunga kichwa na kuingia garini. "Anakwenda kumchukua Mukunde shuleni."